Wabebaji wa Nchi ya Isipokuwa

Mimi si mtu wa ndoto. Nikiota, naota nimekwenda kazini bila suruali, au marehemu mke wangu ananiuliza kama nimefunga gesi, basi, naamka na kunywa maji. Kwa hiyo msinione nimechanganyikiwa nikiwasimulia hii. Ilinijia mchana kweupe, siku ya Ijumaa, nimekaa kwenye kiti changu cha ofisini, na tangu siku ile usingizi wangu wa zamani, ule wa mtu asiyejali, sijaupata tena.

Jina langu ni Anaeli Mshana, karani wa masjala katika mahakama moja ya mataifa. Mji sitautaja, na mahakama sitaitaja, maana sijastaafu bado na sitaki maneno. Mbele ya majaji wetu zinashtakiwa nchi. Nchi ikishindwa, hukumu inaandikwa kwa lugha nzuri, inagongwa muhuri, inatumwa, na hapo nguvu zetu zinaishia. Hatuna askari wa kuisindikiza. Hatuna jela ya kumtia aliyekataa. Tulichonacho ni kusoma. Mara moja kwa mwaka wajumbe wa nchi zote wanakusanyika ukumbini, na Msajili anasimama kusoma kwa sauti kila hukumu ambayo haijatiiwa: jina la aliyedhulumiwa, na jina la nchi iliyokaa kimya. Ni dakika moja tu kwa kila jalada, lakini nimewaona mabalozi wazima wakijitia hamnazo, wanatafuta miwani ambayo wameivaa. Sasa, jalada likipita miaka mitano bila jibu, kanuni inaruhusu lilazwe. Ndivyo tunavyosema masjala. Karani anagonga muhuri, anaweka sahihi, jalada linashushwa ghalani, na halisomwi tena.

Ijumaa ile nilikuwa na fomu ya kulaza jalada la Venanti Kashindi. Huyu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwenye nchi moja ya jirani. Askari walimchukua darasani asubuhi, ameshika daftari la mahudhurio, anaita majina ya watoto, hajafika hata nusu. Hakuonekana tena. Mke wake, Mama Apolonia, alitushtakia ile nchi na akashinda. Majaji walisema nchi ionyeshe mahali alipo mwalimu, akiwa hai au mfu. Hiyo ni miaka mitano na miezi kadhaa iliyopita. Nchi haikujibu, ila ilituma mtu kumnong'oneza Msajili kwamba jina lile likisomwa mwaka huu, wao wanajitoa kwenye mkataba, na wakitoka wao watatoka na wengine. Mkutano ulikuwa Jumanne. Msajili alikuwa anasafiri Ijumaa hiyo hiyo saa kumi na moja jioni kuuandaa, na fomu aliitaka mkononi kabla ya gari la uwanja wa ndege kuondoka.

Asubuhi simu ililia. Mwenzangu wa meza ya pili, Bi. Tumsifu, aliipokea, akasikiliza, akafunika kipokezi kwa kiganja. "Ni yule mama. Anamwomba Bwana Anaeli Mshana." Nikampungia mkono: sipo. Mara kikohozi changu hiki cha baridi kikanipanda, nikakibana kwa leso mpaka machozi yakanitoka. Bi. Tumsifu akamwambia nimetoka kidogo. Niliwahi kumwandikia mama huyo barua kumi na moja, na zote zilikuwa na sentensi moja: Barua yako imepokelewa na inafanyiwa kazi. Sentensi hiyo naiandika hata kidole kikiwa kimelala. Nawaambia ukweli, sikumchukia yule mama. Niliona haya, na mtu akiona haya anajificha, hata awe na miaka hamsini na saba. Nilikula chapati yangu baridi peke yangu, Bi. Tumsifu akaenda zake benki, mvua nyembamba ikaanza kugonga dirisha. Saa nane na nusu nikaweka kichwa juu ya fomu ili nipumzishe macho kidogo tu.

Nikajiona niko uwandani. Ni uwanda mpana, wa nyasi fupi za kijivu, hauna ndege, hauna moshi wa jiko la mtu. Ulikuwa na mawe ya mipaka tu, kila upande, yamepangwa hivi na hivi mpaka macho yanakoma, na kila jiwe lilikuwa limechongwa neno moja: isipokuwa. Muhuri wangu wa ofisi ulikuwa mkononi, na nilipotaka kuuweka chini vidole vilikataa kufunguka. Nikaita, "Hodi! Kuna watu huku?" Sauti yangu ikaenda, haikurudi hata mwangwi. Jamani, mimi nimezoea upweke. Ninakaa nyumba ya vyumba vitatu na redio. Lakini upweke ule ulinishinda, maana niliona nyayo za watu wengi sana kwenye nyasi, na zote zilikuwa zinaondoka.

Juu ya jiwe moja alikaa mwanamke, amejitanda kitenge kilichopauka, uso wazi. Nilipomtazama nilitamani kuangalia pembeni, sijui kwa nini, hakuwa na kasoro yoyote. Akasema, "Usijisumbue, kila mtu anageuka. Mimi ni Aibu. Zamani nilikuwa naalikwa kila nyumba kubwa, na mabwana walikuwa wanaweka sahihi haraka haraka wakisikia tu niko mlangoni. Siku hizi wamejifunza kunitazama usoni na kucheka. Twende, Anaeli. Nina kazi na wewe."

Tukatembea. Njiani nikasikia kelele za watu wanaobishana, na tulipopanda kilima kidogo nikaiona machela kubwa ya mbao, ndefu kama boriti za kanisa, yenye mishikio ya wabebaji pande zote. Juu yake alikuwa amekaa mwanamke mpana wa mabega, mwenye sauti ya kusikika bonde hadi bonde. Miguu hakuwa nayo. Aibu akanieleza akitembea: "Huyo ni Sheria wa mataifa. Alizaliwa hivyo. Usiku wa kuzaliwa kwake ulikuwa baada ya vita vikubwa, majivu bado ya moto, na wote waliokuwepo walilia na kuapa kwamba wao watakuwa miguu yake. Kila aliyeapa alipewa mshikio. Kisha kila aliyepewa mshikio akaomba aongeze neno moja dogo chini ya kiapo chake. Neno lenyewe umeliona kwenye mawe."

Nikawatazama wabebaji. Njia ilipoelekea bondeni, kwenye vibanda vya bati vya wanyonge, walikuwa wanakimbia naye, wanaimba, vumbi linatimka, na mwenye kibanda akitoka anakuta Sheria tayari yuko mlangoni. Lakini njia ilipokata kona kuelekea nyumba za ghorofa, wakaishusha machela puu! Mmoja akasema mgongo unamuuma. Mwingine akauliza nani amepanga njia hii. Bwana mmoja mwenye suti ya kijivu alikuwa amenyoosha mkono mmoja juu muda wote, na kila aliponyoosha zaidi wote walisimama. Nikamuuliza Aibu huyo naye ana shida gani, mbona anabeba kwa mkono mmoja. "Huyo ni Turufu," akasema. "Alipewa haki ya kusimamisha msafara kwa kunyoosha mkono tu. Ameunyoosha miaka mingi mno, siku hizi kuushusha hawezi tena. Na rafiki zake wakifanya baya, anaunyoosha kwa ajili yao."

Pembeni alisimama jamaa mnene aliyejifunga uzio wa miti kiunoni, anatembea nao. Nikamjua kabla hajataja jina, maana barua zake nimezifungua miaka thelathini: huyo alikuwa Mamlaka. Nikamkabili kwa hasira zangu zote, "Wewe! Ulimchukua mtu darasani, halafu unajifungia kwenye uzio?" Hakukasirika. Aliniangalia kwa uchovu. "Karani, sikiliza na upande wangu. Nilipokuwa mdogo wakubwa hawa waliingia kwangu bila hodi, wakabeba walichobeba, wakaniambia ni sheria imewatuma. Nikakua nikajenga uzio, na nani angenilaumu? Leo wananiambia niufungue, na wao nyumba zao wamefunga kwa chuma. Mpeleke Sheria kwanza kwa wale wa ghorofa. Akishafika kule, nitamfungulia mimi mwenyewe." Alikuwa amesema kweli. Ndipo Aibu akainama, akachungulia ndani ya uzio, akauliza taratibu, "Na hao ulionao humo ndani, wao wanasemaje?" Nikachungulia na mimi. Ndani kulikuwa na watu wengi, wameshika mbao za uzio, vinywa vinafunguka na kufungika, na hakuna sauti iliyotoka. Mamlaka akauvuta uzio wake juu mpaka kidevuni, akageuka, akaondoka. Aliondoka na mshikio wake.

Basi ukawa mchezo. Mmoja alisema, Mamlaka akitoka mimi nabaki kufanya nini. Mwingine alitoa hotuba ndefu sana kumsifu Sheria, machozi yakamtoka kabisa, akambusu mkono, akala kona. Huyo aliitwa Unafiki, na nikiri alinitia simanzi kuliko wote, hotuba ilikuwa tamu. Turufu aliondoka mwisho, mkono wake bado uko juu, kama mtu anayepunga buriani. Mvua ikaanza. Sheria akabaki juu ya machela katikati ya uwanda, amelowa, na hakupiga kelele. Alinitazama mimi. "Anaeli," akasema, "nibebe."

Nilitaka kusema siwezi. Nilitaka kusema mama, mimi ni karani tu, muulize Msajili. Nikafungua kinywa, kikatoka hiki: "Barua yako imepokelewa na inafanyiwa kazi." Nikajaribu tena, kikatoka kilekile. Nikajipiga kofi mdomoni, loh, hata kilio changu kilitoka na maneno yaleyale! Sheria akafumba macho. Aibu alinitazama tu, na hilo ndilo sikuliweza. Nikakimbia.

Nilikimbilia mahali pekee palipokuwa na mwanga, nyumba ndefu ya mawe yenye joto na harufu ya chai ya tangawizi. Mwenyeji wake alikuwa mzee mpole, mikono laini, anasema kwa kunong'ona. Akanipa blanketi, akanipa kikombe, akanifuta mvua usoni kama nilivyofutwa mara ya mwisho na mke wangu. "Pole na safari, baba. Mimi naitwa Usahaulifu. Mimi simlaumu mtu. Kaa." Nikakaa, na ulimi wangu ukafunguka, nikaweza kusema ahsante. Nisiwadanganye, nilipapenda pale. Ilikuwa miaka minne hakuna aliyenipa kikombe cha chai nyumbani mwa mtu. Nikamwonyesha mkono wangu, jinsi muhuri ulivyoniganda. "Hilo ni jambo dogo," akasema. "Utagonga mara moja tu, utaanguka wenyewe."

Akanipeleka kwenye ukumbi wa vitanda. Vilikuwa mamia, vimetandikwa shuka safi, na kila kimoja kina mtu amelala, blanketi limefunika uso. Mmoja tu alikuwa amekaa ukingoni, hajajilaza: mwanamume mwembamba wa shati jeupe, chaki kwenye vidole, daftari la mahudhurio magotini. Nilikuwa nimeiona picha yake jaladani mara nyingi mno. Akasimama kunipokea, kwa adabu ya walimu wa zamani. "Umekuja kuniita?" akauliza. "Kila mwaka jina langu likiitwa nasimama, nanyoosha miguu kidogo. Likiacha kuitwa nitalala na hawa. Sioni ubaya wa kulala, nimechoka. Shida yangu ni hawa watoto, nilikuwa sijawamaliza." Akanifungulia daftari. Alikuwa amefika jina la kumi na saba.

Usahaulifu akaleta fomu. Ilikuwa fomu ileile. "Gonga hapa, baba, upumzike." Kisha akanishika bega, akanigeuza kwa upole, akanionyesha kitanda cha pili, kitupu, shuka limekunjwa vizuri, na kibao kimeandikwa Anaeli Mshana. "Na hiki ni chako. Umeshakisubiri muda mrefu. Nani anakutaja wewe, Anaeli? Tafuta. Wiki hii nzima, nani ametaja jina lako?"

Nikatafuta. Mungu wangu, nilitafuta kweli. Ofisini naitwa Mzee wa Masjala. Mwenye nyumba ananiita Mpangaji. Binti yangu yuko mbali, anaandika "Baba" mara moja kwa mwezi na picha ya moyo. Nikasimama pale nikiwa na miaka hamsini na saba, nalia mbele ya kitanda changu, mpaka nikakumbuka kiganja cha Bi. Tumsifu juu ya kipokezi cha simu. Anamwomba Bwana Anaeli Mshana. Mtu mmoja tu ndiye aliyenitaja, jina na ukoo, na mimi nikambania kikohozi.

Nikatoka mbio bila hata kuaga. Nje mvua ilikuwa ileile, Sheria alikuwa palepale, na Aibu amekaa karibu naye amemfunika na kile kitenge chake. Nikashika mshikio wa mbele kwa mkono wenye muhuri na mkono mtupu, nikainua. Haukuinuka. Nikajaribu tena mpaka mgongo ukalia. Nikamwambia Sheria, na safari hii maneno yalikuwa yangu, "Nisamehe, sikuwezi. Wewe ulitengenezewa wabebaji mia." Akanijibu kwa ukali, "Nani alikwambia unifikishe? Nisogeze." Aibu akashika upande wa pili. Tukavuta. Mbao zikakwaruza jiwe, machela ikasogea shubiri moja, shubiri moja tu, na kutoka kule kwenye uzio, mbali sana, nikasikia sauti ya mtu mmoja ikipenya.

Nikaamka. Simu ya mezani ilikuwa inalia, ikakatika kabla sijaifikia. Saa ya ukutani ilisema kumi na robo. Shavu langu lilikuwa limelalia muhuri wenyewe, na nilipopita kwenye kioo cha mlango nikajiona nimegongwa usoni kwa wino wa bluu: IMEPOKELEWA, herufi zimegeuka nyuma mbele. Fomu ilikuwa na mate yangu, lakini haikuwa na sahihi. Sikunawa. Nikaichukua vilevile, nikapanda ngazi.

Msajili wetu, Dokta Ruhinda, ni mwanamke mwadilifu, sitaki mumfikirie vibaya. Alikuwa anafunga begi. Akaniona uso, akaacha kufunga. "Mzee wa Masjala, umepatwa na nini?"

"Sitalilaza jalada la mwalimu Kashindi."

Akakaa. "Unajua watajitoa. Wakitoka wao, nchi tatu zinawafuata. Tukibaki na ukumbi mtupu tutamsaidia nani? Kuna watu wengine elfu wanaotuhitaji. Nalaza moja niokoe hao."

"Naelewa, Dokta. Lakini mwakani watakuja na jina lingine, na hoja itakuwa hiihii. Kama wanatoka, watoke tukiwa tumesoma."

Akazungusha kalamu vidoleni. Nilidhani atanifukuza. Mwishowe akasema, "Bila sahihi yako halilazwi, hiyo ni kanuni. Ila mimi sitalisoma. Nina mazungumzo nao Jumatano, siwezi kulitoa kinywani mwangu." Akanisukumia nakala ya hukumu juu ya meza. "Utalisoma wewe. Na unawe uso kabla ya kupanda ndege."

Nikarudi masjala. Bi. Tumsifu alikuwa ameshaenda nyumbani, kuna baridi, taa moja inapepesa. Nikapiga namba ya Mama Apolonia. Iliita sana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Ni Anaeli Mshana, wa masjala." "Mama, asubuhi nilikuwepo. Nilijificha."

"Najua," akasema. "Nilikusikia unakohoa. Ulikunywa tangawizi?"

Nilikosa pa kuweka uso, na hakuna aliyekuwa ananiona. Nikamwambia yote: kwamba hawajajibu, kwamba sidhani watajibu mwaka huu, kwamba zile barua kumi na moja hakuna kazi yoyote iliyokuwa inafanyika ndani yake, na kwamba Jumanne jina litasomwa na nitalisoma mimi. Hakulia wala hakunishukuru. Aliuliza kama nina sauti, maana mwaka jana walilikimbiza, hata majirani zake waliokuja kusikiliza kwenye simu hawakulipata vizuri. "Lisome sasa nikusikie," akasema.

Nikasimama. Sijui kwa nini nilisimama, nilikuwa peke yangu na makabati. Nikashika nakala mbali kidogo na macho, nikasafisha koo. "Venanti Kashindi."

Mama Apolonia akajibu, kwa sauti nyembamba, wazi, kama mtoto wa darasani anayemjibia mwenzake.

"Hayupo, mwalimu."

Nikabaki na kipokezi sikioni. Nikamsikia anavuta pumzi.

"Ita tena," akasema.